Wilaya ya Sellye na Lawama Isiyostahili

Kusini kabisa mwa Hungaria, mkoani Baranya, ambako mto Drava ndio mpaka wa nchi hiyo na Kroatia, iko wilaya ya Sellye, ambayo sehemu yake kubwa ni tambarare ya vinamasi vya kale iitwayo Ormánság, na vijiji vyake vyote, ambavyo ni zaidi ya thelathini, hata vikijumlishwa na mji wenyewe havifikishi watu 15,000. Kila itajwapo hesabu hiyo hakosi msemaji wa kuwalaumu wanawake kwamba wamekataa kuzaa; na serikali ya Budapest nayo imefungua hazina, ikawaahidi wazazi ruzuku za nyumba, hata mwaka 2019 ikatenga fungu makhsusi kwa vijiji. Kwa rai yangu, dawa hiyo imetolewa kabla maradhi hayajajulikana.

Ni kweli kwamba wakulima wa huko, aghalabu wafuasi wa madhehebu ya Kalvini, walikuwa na ada ya kuzaa mtoto mmoja tu, ada iliyoenea katika karne ya 19 na kuwatia aibu nchi nzima, hata mwandishi János Kodolányi akaiandika kwa uchungu katika miaka ya 1920. Walakini mashamba ya makabaila yaliwazingira, na misitu na malisho waliyoyatumia kwa shirika yakatengwa. Basi baba mwenye kishamba kimoja angewarithisha nini wana wanne?

Watu hao hawakukosa akili. Nyumba yao ya kale, ambayo mfano wake umehifadhiwa katika makumbusho ya Sellye, haikuchimbiwa msingi, bali ilisimama juu ya magogo mazito ya mwaloni, na kuta zake zilikuwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. Mto ulipotishia kufurika, udongo ulibomolewa, kiunzi kikafungwa nyuma ya maksai, na nyumba ikaburutwa hadi palipoinuka kama dau linalopandishwa pwani. Watu wa hila na subira namna hiyo hawatoweki kwa uvivu.

Pigo la pili lilitoka kalamuni. Mpango wa taifa wa mwaka 1971 uliviweka vijiji vidogo katika daraja la visivyo na kazi yoyote katika maendeleo, navyo vikanyimwa fedha. Shule zikafungwa, vijana wakaelekea Pécs na kwingineko. Katika nyumba nyingi zilizoachwa wakaingia Waroma wa jamaa ya Beás, ambao lugha yao ya asili ni Kiromania cha kale, na ambao watoto wao, wallahi, wapo wa kutosha kuwachosha walimu. Lakini wanaolilia uchache wa watoto ni nadra kuwahesabu hao kwa furaha.

Wilaya zenyewe, zilizofutwa katika miaka ya 1980, zilirudishwa mwaka 2013, na Sellye ikapata ofisi yake. Ofisi si riziki. Ruzuku ya nyumba humtaka mwombaji aonyeshe muda wa kuchangia bima ya jamii, ilhali huko kazi ya kudumu ndiyo adimu kuliko vyote, hata ikawa anayeihitaji mno ndiye asiyetimiza sharti. Lau sehemu ya fedha hiyo ingelipia basi la alfajiri la kwenda Pécs, na daktari wa kukaa kijijini, na kiwanda cha kusindika mazao ya huko huko, nadhani wazazi wangeamua wenyewe idadi ya watoto wao, wala serikali isingelazimika kuwabembeleza.