WENGI WAPE, LAKINI WAPE NINI?

Wahenga walisema wengi wape. Msemo huu tumeukariri tangu shule ya msingi na sijamsikia mtu akiupinga. Leo mimi nataka kuupinga kidogo. Siupingi wote, la hasha! Nauliza swali moja tu: hao wengi tuwape nini? Tuwape wanachokipenda, au tuwape nafasi ya kufukuza wasichokipenda? Kwa mbali mambo haya mawili yanafanana kama pacha, kumbe si mamoja. Niliyajua hayo bwenini muhula uliopita, na mwalimu wangu ilikuwa bendi ya Uingereza.

Bendi yenyewe ni Queen. Najua kuna watakaoguna, "Vijana wa leo na muziki wa roki wa zamani wapi na wapi?" Lakini bendi hii si ngeni kabisa kwetu. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake likiwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Uhindi, na familia ilihamia Uingereza mwaka 1964. Mwaka 1970 aliungana na Brian May na Roger Taylor mjini London, na mwaka uliofuata akaingia John Deacon. Wote wanne walitunga nyimbo zilizovuma, si mwimbaji peke yake. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991, lakini nyimbo zake hazikuzikwa naye.

Mashabiki wa bendi hii wana mchezo wao. Huorodhesha singo, yaani nyimbo zilizotolewa moja moja katika santuri ndogo, kisha kila duru kila mtu hutaja wimbo mmoja autakao utoke. Uliopata kura nyingi hutupwa nje. Huendelea vivyo hivyo mpaka ubaki mmoja, nao hutawazwa kuwa bora kuliko zote.

Mwenzetu mmoja, ambaye babake ni mpenzi mkubwa wa Queen, alirudi kutoka likizo na nyimbo 20 kwenye flashi, pamoja na habari za mchezo huo. Jumamosi tukawa tunazisikiliza kwa redio ya bweni, na kila usiku kabla ya taa kuzimwa tunapiga kura kwa vijikaratasi. Tulikuwa watu 31. Mimi nikafanywa karani wa kura, eti kwa sababu hati yangu inasomeka.

Usiku wa kwanza ulitoka "Body Language" wa mwaka 1982, na hakuna aliyeulilia. Kisa kilianza usiku wa tatu.

Kulikuwa na mdogo wetu wa kidato cha kwanza aliyeupenda mno "Spread Your Wings", singo ya mwaka 1978 iliyotungwa na John Deacon. Wimbo huo unasimulia habari za kijana anayefagia baa, tajiri wake akimkemea aache ndoto zake, naye moyoni anatamani kwenda zake akaanze maisha mengine. Sasa, si mnajua ni nani hufagia bweni hapa? Yule mtoto alikuwa akisukuma ufagio huku akiuimba wimbo wake chini kwa chini, na uso umemchanua. Basi sisi wakubwa tukanong'onezana, "Leo huo utoke, tuone atafanyaje!"

Hatukuuchukia wimbo. Wengine hata hawakuwa wameusikiliza mpaka mwisho. Nilihesabu kura 22 za kuutoa. Nilipotangaza, bweni zima likaangua kicheko, na mimi mtangazaji nikacheka kuwashinda wote. Mtoto hakusema neno. Alijifunika blanketi gubigubi. Kesho yake nilipopita kukusanya karatasi, hakunipa yake. Tukabaki 30.

Hapo ndipo penye kasoro ya kwanza ya mchezo huu. Ukiwauliza watu "Nani atoke?", umempa silaha kila mwenye kinyongo na kila mwenye mzaha. Wimbo unaopendwa na mtu mmoja kwa moyo wake wote hauna kinga, kwani kwenye kile kijikaratasi hakuna mahali pa kuandika "naupenda". Mapenzi hayahesabiwi. Kinachohesabiwa ni chuki peke yake.

Kasoro ya pili niliiona siku za mwisho. Zilibaki nyimbo tatu: "Bohemian Rhapsody", "Somebody to Love" na "Another One Bites the Dust". Huo wa kwanza si wa kuchezewa. Una urefu wa karibu dakika sita, unaanza polepole, unageuka opera, halafu unalipuka roki. Mwaka 1975 ulishika nafasi ya kwanza Uingereza ukakaa majuma tisa, na baada ya kifo cha Mercury ukarudi tena kileleni. Usiku huo niliwauliza wenzangu mmoja mmoja, kabla ya kura, ni upi wanaoupenda kuliko yote. Watu 14 walitaja "Bohemian Rhapsody", 10 wakataja "Another One Bites the Dust", na 6 tu wakataja "Somebody to Love".

Kura zikapigwa. "Bohemian Rhapsody" ukapata kura 13 za kutolewa, "Another One Bites the Dust" 12, na "Somebody to Love" 5. Haya, wimbo uliopendwa na wengi zaidi ukatoka! Kesho yake "Somebody to Love" ukashinda kwa kura 16 kwa 14. Ni wimbo mzuri, sikatai. Lakini jamani, bingwa wetu alikuwa chaguo la kwanza la watu sita kati ya thelathini. Alishinda kwa sababu hakumuudhi mtu. Kile cha ajabu, kinachowafanya wengine waruke kwa furaha na wengine wazibe masikio, hakifiki mbali katika mchezo wa namna hii.

Najua watakaonijibu: "Wacha mambo yako, huo ni mchezo tu!" Kweli ni mchezo, na utamu wake siukani. Kila usiku tulibishana, tukasikiliza upya nyimbo tulizokuwa tukizipita, na wale wasioongea darasani wakawa mawakili hodari. Kuorodhesha tu hakuleti msisimko huo. Lakini mchezo huzoesha mkono. Mwaka huu huu Chama chetu cha Kiswahili kilichagua shairi la kukariri kwa kufuta moja moja ubaoni. Tulibaki na lipi? Lile ambalo hakuna aliyelichukia, na hakuna aliyelipenda pia. Wakariri wenyewe walikuwa wakipiga miayo!

Pendekezo langu ni hili. Mwaka ujao kila mwanachama aandike mashairi matatu anayoyapenda, kwa taratibu. La kwanza lipewe alama tatu, la pili mbili, la tatu moja. Na kabla ya kuhesabu, kila shairi lipate mtu wa kulitetea, hata kama mpenzi wake ni mmoja. Sisemi njia hii haina mwanya. Mjanja hakosi pa kupenyea. Walau swali letu litakuwa "Unapenda nini?", na mtu akijibu swali hilo hutufunulia moyo wake. Akijibu lile jingine, hutufunulia meno tu.

Namaliza kwa neno kwa mtu mmoja. Mdogo wangu wa kidato cha kwanza, unajijua. Zile kura zilikuwa 22, na moja ilikuwa yangu. Niliandika jina la wimbo wako kwa hati hii hii wanayoisifu. Nisamehe. Jumamosi ijayo redio ni yako, chagua utakacho, na ufagio nitaushika mimi.