KIDOLE CHAKO NI MALI YAKO

Mwezi wa Novemba 1884 Mjerumani mmoja, Carl Peters, alifika Usagara na karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Mangungo wa Msovero akatia alama yake katika karatasi asiyoweza kuisoma. Aliambiwa habari za urafiki, kumbe alikuwa akitolewa nchi mkononi. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazikubali karatasi zile, na yaliyofuata sote tunayajua.

Ndugu wanachama, darasani tulimcheka Mangungo. Je, leo sisi tuna haki ya kumcheka?

Tangu Mei 2019 laini ya simu nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Mpango huo ni mwema. Lakini tazameni yanayotendeka chini ya mwavuli barabarani. Mwananchi anaweka kidole, naye msajili anamwambia, "Mzee wangu, hakijasoma, weka tena." Anaweka tena. Anaondoka na laini moja, kumbe zimesajiliwa mbili kwa jina lake. Ile ya pili inauzwa kwa tapeli.

Tapeli naye hutuma ujumbe kwa watu wengi asiowajua: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Wengi wataupuuza. Lakini haikosi miongoni mwao kuwa na mama ambaye asubuhi ile alikuwa akijiandaa kumtumia mwanawe ada, naye atadhani ni yeye anayesemwa. Jasho la miezi mitatu linakwenda kwa dakika moja. Mwingine hupiga simu akijifanya mtumishi wa kampuni ya simu, au mwalimu anayesema mtoto ameanguka shuleni na pesa ya matibabu inahitajika sasa hivi. Haraka ndiyo silaha yake, maana mtu mwenye hofu haulizi.

Na polisi wakiifuata ile namba, watabisha hodi kwa nani? Kwa mwenye kidole.

Basi hatuna budi kujilinda. Kwanza, namba ya siri haiambiwi mtu yeyote, hata mwanao, hata wakala unayemwamini. Pili, ukiambiwa utume pesa, usitume kabla hujampigia mhusika kwa namba uliyokuwa nayo zamani, ukasikia sauti yake. Tatu, ukiambiwa pesa imeingia kwako kwa makosa, tazama salio lako mwenyewe. Usiamini ujumbe peke yake. Nne, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoijua ipeleke kwa kampuni yake ifungwe. Tano, ujumbe wa kitapeli upeleke 15040. Usiufute tu, kwa maana ukiufuta umejiokoa wewe, jirani yako umemwacha njiani.

Kila tawi na litenge nusu saa katika mkutano wake ujao kwa kazi hii. Vijana mnaojua kusoma vizuri, wasaidieni wazee kupiga *106#, lakini namba zao za siri msiziulize. Na aliyekwisha kutapeliwa asimame aseme bila kuona haya. Tunamficha mwizi kwa aibu zetu wenyewe, naye hurudi kwa nyumba ya pili.

Kwa kampuni za simu tuna neno moja. Msajili akilipwa kwa hesabu ya laini alizouza, si ajabu akiwinda vidole vya watu. Haitoshi kuwaambia wananchi wawe macho. Kampuni inayopokea faida ya laini ipokee na lawama ya laini ya wizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, nayo inakataza kuiba jina la mtu. Tunataka imfikie aliyesajili, si aliyesajiliwa peke yake.

Peters alitoka ng'ambo ya bahari. Tapeli wa leo huenda ni kijana wa mtaa wetu, anayezungumza lugha yetu na kutuita ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mangungo hakuwa na mtu wa kumsomea ile karatasi. Sisi tunao. Ukiambiwa, "Weka kidole tena," uliza kwanza: Kwa ajili gani?