Timu iliyolala

Leo nina neno na viongozi wa vijana. Wazee wa kanisa nao wasikilize, maana nitawafikia.

Siku hizi ukiwakuta vijana wamesimama nje baada ya ibada, vichwa vimeinama, usidhani wanaomba. Wanapanga timu. Mchezo wenyewe wanauita Fantasy. Kwa wasioujua: kila mmoja hupewa pauni milioni 100 za kufikirika, ananunua wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza, wasiozidi watatu kutoka klabu moja, kisha kila raundi anapata pointi kulingana na walivyocheza kweli uwanjani. Pointi za nahodha huhesabiwa mara mbili. Raundi ni 38, kuanzia Agosti hadi Mei, na kujiunga ni bure. Marafiki wanaweza kuunda ligi yao ndogo; mmoja anawatumia wenzake namba ya kujiungia, na msimamo wao unaonekana kila wiki.

Wapo watumishi wanaoukemea mchezo huu wote kuwa ni kupoteza muda. Mimi siko upande wao. Kijana anayekaa chini akapima, akakubali kwamba fedha aliyonayo haitoshi kununua nyota wote, yuko karibu sana na yule mjenzi wa mnara katika Luka 14. Ninalolikataa ni fedha halisi inayoingizwa baadaye: kila mtu atoe elfu kumi, wa kwanza achukue zote. Mtaiita mchango, mtaiita motisha. Mkeka ni mkeka hata ukitandikwa kwenye ukumbi wa kanisa. Tumewaona vijana wetu walivyoumizwa na kubeti. Tusiwafungulie mlango mwingine kwa mikono yetu wenyewe. Tena kiingilio kikiwekwa, asiye nacho hajiungi, na mara nyingi huyo ndiye tuliyemtaka. Atakayeshika mkia awapikie wenzake chai siku ya mkutano wa vijana. Inatosha.

Lakini fedha si hoja yangu kubwa. Kinachonisumbua ni timu zinazolala.

Ligi hizi huanza kwa shangwe mwezi Agosti. Ikifika Novemba utaikuta timu ambayo haijaguswa kwa wiki sita. Nahodha aliumia zamani, anaangalia mechi akiwa jukwaani, na bado ndiye nahodha. Kompyuta haiulizi kulikoni. Inaendelea kujumlisha vipointi vinavyopatikana, na timu inateremka taratibu hadi chini ya msimamo. Wenzake wanafurahi kwamba mpinzani mmoja amepungua.

Wamarekani walioupa mchezo wa namna hii umaarufu, kwenye besiboli, walianza tofauti. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake walianzisha ligi iliyochukua jina lake kutoka La Rôtisserie Française, mgahawa wa New York walikokuwa wakikutana. Wachezaji waliwagombania kwa mnada, na takwimu walizitafuta magazetini wakazijumlisha kwa mkono. Katika mnada wa watu wachache hivyo, asiyetokea anajulikana. Sisi tumepata urahisi wa kuwa kwenye ligi moja msimu mzima bila kuonana uso kwa uso.

Ndiyo maana nasema ligi ya vijana wa kanisa inahitaji mtu wa kuiangalia, na asichaguliwe kwa sababu anajua mpira. Kila raundi ikishaanza, mwanaligi yeyote anaweza kufungua timu ya mwenzake akaona kama kuna kilichobadilishwa. Kiongozi, fanya hivyo. Ukikuta timu imelala raundi tatu, usimtanie kwenye kundi la WhatsApp. Mpigie. Huenda amechoka tu na mchezo, mkacheka yakaisha. Huenda simu ameiuza alipe kodi ya chumba. Huenda amefukuzwa kazi na anaona aibu kukutana nanyi, au yuko kijijini anauguza mama yake na hakuna aliyemuuliza. Asipopokea, Jumamosi nenda kwake na mwenzako mmoja. Msiende na hotuba.

Tunapenda kuhubiri jinsi mchungaji wa Luka 15 alivyowaacha wale 99 nyikani akaenda kumtafuta aliyepotea. Tunaruka kidogo tu, kwamba asingejua mmoja hayupo kama hakuwa amewahesabu.

Na hapa nawafikia wazee. Katika sharika zetu nyingi, bahasha ya ahadi isiporudi miezi miwili, mhazini anajua namba yake. Mwenye bahasha asipoonekana miezi miwili, nani anajua? Sisemi hesabu za fedha zisifanywe, kanisa haliezekwi kwa maombi peke yake. Ila daftari lile lile lingeweza kumtuma mtu kwenda kubisha hodi, na si kwa ajili ya kudai.

Kwa hiyo msimu ukikaribia, undeni ligi bila kiingilio, na namba yake isomwe kwenye matangazo ya Jumapili. Kama itasomwa mara tu baada ya matangazo ya ndoa, wazee watacheka. Wengine wao, nawafahamu, wataandika namba hiyo nyuma ya bahasha.