Kabla hatujakodisha kisiwa, tuhesabu maji

Hoteli ya kifahari iliyojitenga kisiwani huuza upweke. Kitanda laini kinapatikana Nairobi, samaki wa kuchoma wazuri wako Mombasa na Kisumu, na jua halilipiwi popote Afrika Mashariki. Anayetoa maelfu ya dola kulala kisiwani analipia ufuo usiokanyagwa na mtu mwingine, usiku usio na kelele za jirani, na maji yasiyokatiwa na mtumbwi wa mtu akienda kutafuta riziki. Upweke huo hauoti wenyewe kama majani baada ya mvua. Mahali pengi umetengenezwa kwa mkataba, na ndani ya mkataba huo kuna mtu aliyeambiwa asipite tena alipokuwa akipita. Ziwa Turkana lina visiwa vitatu vikubwa, cha Kaskazini, cha Kati na cha Kusini, na lina fuo ndefu zenye mikoma ambazo mwekezaji yeyote akiziona atazitamani. Wanaoutakia mema uchumi wa Kaunti ya Turkana husema tumechelewa kuvitumia visiwa na fuo hizo. Kuchelewa hakujatudhuru kama kutakavyotudhuru kutia saini bila kuhesabu, na hesabu ya kwanza kabisa ni ya maji.

Nailenga hesabu hiyo Lorugum kwa makusudi. Lorugum ni makao makuu ya kaunti ndogo ya Loima, magharibi mwa Lodwar. Haina ufuo wala gati, na anayetaka kuliona ziwa kutoka huko hana budi kupitia Lodwar na kuendelea hadi Kalokol, ukingoni mwa ziwa. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi 926,976 katika Kaunti ya Turkana, na wengi wao, kama watu wa Lorugum, wanaishi mbali na ziwa ilhali ziwa ni mali ya umma, yaani yao pia. Faida ya hoteli ikikomea kwenye ngazi za boti itakuwa faida ya hoteli tu, hata kama jina la Turkana limeandikwa kwenye lango lake. Isitoshe, watu wa huku wanaujua upweke kwa sura yake nyingine. Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana kuwa wilaya iliyofungwa, isiyoingiwa bila kibali, na umbali wake ndio uliowafanya wakoloni wamlete Jomo Kenyatta kufungwa Lokitaung, kisha mwaka 1959 wamhamishie Lodwar. Kutengwa kulikuwa adhabu kwa mfungwa na hasara kwa wenyeji. Sasa kutengwa huko huko kumekuwa bidhaa ya bei ghali, na ni haki tuulize nani atapokea malipo yake.

Turudi kwenye maji. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu maji katika pwani ya mashariki ya Unguja. Aligundua kwamba mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, wakati mwenyeji alitumia takriban lita 48. Maji mengi ya mtalii hayakunywewa: yalimwagwa kwenye bustani, yakajaza bwawa la kuogelea, yakaosha mashuka na taulo. Hebu tuiweke hesabu hiyo katika mitungi ya lita 20 inayojulikana na kila mama wa Loima. Lita 685 ni zaidi ya mitungi 34, kwa mtu mmoja, kwa siku moja. Wakati wa kiangazi, kujaza mtungi mmoja ni kazi ya kuinama ndani ya shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, kuteka kwa kikombe au kibuyu kidogo maji yanayojikusanya polepole, kusubiri yajikusanye tena, na kuteka tena, huku mbuzi wakilia pembeni na wenzako wakingoja zamu yao. Ukanda huu ulikosa mvua misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022. Mtu aliyepitia hayo hahitaji kufafanuliwa tofauti ya 685 na 48.

Atatokea mtu aseme kwamba hoteli ya kisiwani haitagusa visima vya Loima, kwa kuwa imezungukwa na maji. Jibu liko ndani ya ziwa lenyewe. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi na chumvi. Wavuvi huyanywa kwa kukosa mengine, lakini hakuna mgeni wa dola elfu moja kwa usiku atakayeyanywa au kukubali nguo zake zifuliwe nayo. Basi maji matamu ama yatatoka kwenye visima na chemchemi za nchi kavu na kuvushwa kwa boti, ama yatachujwa chumvi kwa mitambo inayokula umeme mwingi na kuacha maji mazito ya chumvi ambayo lazima yamwagwe mahali. Tumewahi kulipa gharama ya kutoifanya hesabu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Norway ilifadhili kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol. Nia ilikuwa njema na jengo lilisimama, lakini kugandisha samaki kwenye joto la Turkana kulihitaji umeme na maji safi kwa kiwango kilichofanya samaki wawe ghali kuliko soko lilivyoweza kulipa. Kiwanda hakikuchukua muda kunyamaza, na miaka ile ile maji yakaihama Ghuba ya Ferguson ya huko huko Kalokol. Familia zilizokuwa zimeacha mifugo zikafuata uvuvi zilibaki bila hiki wala kile. Ziwa hili hujaa na kupungua kwa nguvu zilizo nje ya kaunti: sehemu kubwa mno ya maji yake hutoka Mto Omo wa Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III lilizinduliwa Desemba 2016, na miaka michache baadaye ziwa likapanda na kumeza sehemu za fuo zake. Anayepanga kujenga ukingoni mwa maji kama haya kwa mkataba wa miaka mingi anapaswa kueleza atafanya nini ziwa likimhama, na atafanya nini likimfuata.

Hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa pili, na naiheshimu, ni kwamba wageni wachache wanaolipa sana huharibu kidogo kuliko wageni wengi wanaolipa kidogo. Mnemba, kisiwa kidogo cha kaskazini mashariki mwa Unguja, ndicho hutolewa mfano. Nyumba za wageni kule ni chache, fukwe ni safi, na kasa bado hupanda kutaga mayai. Hayo ni kweli. Kweli pia ni kwamba nchi kavu ya kisiwa kile ni ya mgeni wa hoteli peke yake; watu wengine huogelea kwenye matumbawe yake na kuishia ndani ya boti. Kwa jamii za pwani ambazo kwa vizazi zimepiga dago kwenye visiwa vidogo, zikapumzika na kuanika samaki kabla ya kurudi nyumbani, kufungwa kwa kisiwa ni kupungua kwa bahari yenyewe. Je, viumbe hawawezi kulindwa bila kuwafungia wenyeji nje? Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe, kinajibu. Kililindwa kisheria mwaka 1994, na eneo lake la matumbawe hakuna anayelivua. Hata hivyo, wavuvi wa zamani waliajiriwa kuwa walinzi wake, nyumba zake saba za wageni hukinga maji ya mvua kwenye mapaa na kutumia umeme wa jua, vyoo vyake havitumii maji ya kuvuta, na mapato ya wageni hugharimia safari za wanafunzi wa Zanzibar kuja kujifunza. Tofauti ya visiwa hivi viwili haitokani na utajiri wa wageni. Inatokana na yaliyoandikwa tangu mwanzo kuhusu nani ataruhusiwa kukanyaga na maji yatatoka wapi.

Wengine watasema haya ni masharti ya watu walioshiba, na kwamba kaunti yenye umaskini wa asilimia 79.4, kama takwimu za serikali za 2015/16 zilivyoonyesha, ipokee ajira yoyote inayokuja. Nalielewa sana shinikizo hilo. Kijana wa Lodwar aliyemaliza kidato cha nne hana muda wa nadharia. Lakini hoteli inayouza upweke haiwezi kuwa na vyumba vingi, la sivyo upweke unakwisha, kwa hiyo ajira zake zina kikomo tangu siku ya kwanza. Na Turkana tumeshaona jinsi ahadi ya ajira isiyoandikwa inavyomalizika. Mafuta yalipopatikana kwenye kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, matumaini yalipanda. Mwaka uliofuata wakazi waliandamana wakidai kazi na zabuni, na mwaka 2018 malori ya mafuta yakazuiwa barabarani. Kilichopatikana cha kushika mkononi ni sheria: Sheria ya Petroli ya 2019 inaitengea kaunti asilimia 20 ya sehemu ya serikali na jamii ya eneo hilo asilimia 5. Mtu anaweza kubishana kuhusu kiwango hicho, ila angalau kuna namba ya kudai mahakamani. Upepo wa ziwani, chemchemi na ufuo navyo ni rasilimali, na sioni sababu ya kuvikodisha bila namba.

Je, mwekezaji hatakimbia? Anayejenga kwa pesa zake huogopa zaidi ardhi yenye mgogoro kuliko masharti yaliyo wazi. Ng'ambo ya pili ya ziwa, katika Kaunti ya Marsabit, ulijengwa mradi mkubwa wa umeme wa upepo wenye mitambo 365, kisha Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi yake zilipatikana bila kufuata sheria. Fedha zilikuwa zimeshazikwa ardhini kabla ya kesi kwisha. Kwa upande mwingine, Wamaasai wa Il Ngwesi kule Laikipia walifungua hoteli yao wenyewe mwaka 1996 juu ya ardhi yao, na wageni wakaja bila jamii kuhamishwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na theluthi mbili ya mkutano wa jamii. Hofu yangu ni kwamba ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wananchi, na hapo ndipo saini moja ofisini inaweza kuchukua nafasi ya mkutano mzima chini ya mti. Kusajili ardhi ya jamii kandokando ya ziwa ni kazi ya dharura kuliko kutafuta mwekezaji.

Kuhusu Kisiwa cha Kati, sisiti: hoteli isijengwe pale. Ni hifadhi ya taifa tangu 1983, kina eneo la kilomita mraba tano hivi, mamba huzaana katika maziwa ya kreta zake, na ni sehemu ya Urithi wa Dunia ulioingizwa na UNESCO mwaka 1997 kisha ukawekwa kwenye orodha ya ulio hatarini mwaka 2018. Upepo wa ziwa hili hauna simile, na mvuvi aliyezidiwa na mawimbi usiku anahitaji ufuo wa kusubiria pakuche. Asikute hapo mlinzi wa hoteli. Mgeni anaweza kulala nchi kavu, Kalokol au Eliye, avushwe asubuhi na mashua ya wenyeji, akione kisiwa na arudi jioni. Akilala nchi kavu, nyama ya mbuzi wake itatoka Loima, mboga zake zitatoka kwenye mashamba yanayonyweshwa na Mto Turkwel, na mkeka wa mlangoni utasukwa kwa majani ya mkoma na mama anayelipwa taslimu. Hapo Lorugum itaingia kwenye hesabu.

Kwa hiyo naliomba Bunge la Kaunti ya Turkana lipitishe jambo moja kabla ya mwekezaji yeyote kupewa ufuo. Mkataba uonyeshe lita za maji kwa siku na chanzo chake, njia na fuo zitakazobaki wazi kwa wavuvi, na hisa ya jamii kwa asilimia. Kisha usomwe hadharani, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili, Kalokol, Lodwar na Lorugum, na usitiwe saini mpaka watu waliousikia wamekubali.