Sigrid na Joka la Ramsund

Mgeni afikapo Sundbyholm, karibu na mji wa Eskilstuna nchini Uswidi, aghalabu huonyeshwa kasri kwanza. Lilijengwa katika karne ya 17 na Carl Carlsson Gyllenhielm, mwana wa Mfalme Karl wa Tisa aliyezaliwa nje ya ndoa. Bwana huyo, aliyewahi kufungwa Poland kwa zaidi ya miaka 10, hakosi kisa cha kusimuliwa. Lakini nionavyo mimi, hazina ya mahali hapo haimo kasrini. Iko kwenye jabali la Ramsund, mwendo usio mrefu kutoka hapo.

Jabali hilo lilichongwa yapata mwaka 1030. Maandishi yake, kwa herufi za runi walizotumia Waskandinavia wa kale, yanasema kwamba Sigrid, mamake Alrik na bintiye Orm, alijenga daraja kwa ajili ya roho ya Holmger mumewe. Hilo lilikuwa tendo la Kikristo, na Ukristo ulikuwa ungali mgeni nchini humo. Hata hivyo, herufi zenyewe zimepangwa ndani ya mwili wa joka, naye Sigurd, shujaa wa ngano za kale, analitoboa kwa upanga. Kwingineko ameketi akiubanika moyo wa joka, kidole kinywani. Kuonja damu yake kumemfahamisha lugha ya ndege (mwanaisimu gani asingemwonea wivu?), nao wanamwonya kuhusu hila za Regin mhunzi. Regin keshakatwa kichwa. Amelala kando ya zana zake.

Ngano hiyo haikuandikwa vitabuni, huko Iceland, hadi karne ya 13. Jabali lilitangulia kwa takriban miaka 200. Wanaodai kwamba masimulizi ya mdomo ni porojo tupu na watueleze mchongaji aliyapata wapi.

Wako walimu wetu ambao hadi leo humwambia mwanafunzi kwamba ngano za nyanya yake haziafikiani na dini wala elimu. Sigrid hakuambiwa hivyo, au aliambiwa akapuuza. Alimkumbuka mumewe kwa imani mpya, kwa lugha ya nyumbani wala si Kilatini, na Sigurd akaachwa aendelee kuua joka lake. Ningependa kuiona picha ya jabali hilo katika kitabu cha fasihi cha shule zetu, kabla ya zoezi la kukusanya ngano za kijijini.