Farasi Hawa Wamehesabiwa na Nani?

Mshairi akikwambia kuwa mshororo wake una mizani 16, nane ukwapi na nane utao, huna haja ya kumsadiki kwa kinywa chake. Utahesabu kwa vidole vyako, na ikipungua silabi moja utamkamata papo hapo. Lakini muuza gari akikwambia kuwa injini yake ina nguvu za farasi 200, utawahesabu kwa vidole gani hao farasi? Hilo ndilo nitakalo tulizungumze leo, ndugu msomaji. Naona kipimo ambacho mnunuzi hawezi kukihakiki mwenyewe chataka uaminifu mkubwa zaidi kuliko kile anachokiona kwa macho.

Asili ya kipimo hiki haikuwa mbaya. Katika miaka ya 1780, James Watt wa Uskoti alikuwa akiuza mashine za mvuke kwa watu waliozoea farasi wa kuzungusha vinu. Ili wamfahamu, alikata kauli kuwa nguvu ya farasi mmoja ni kuinua ratili 33,000 kwa urefu wa futi moja katika dakika moja. Kwa hesabu ya leo ni wati 746, na hiyo wati yenyewe imepewa jina lake. Sasa tazama jambo la ajabu: farasi wa kawaida hawezi kuendelea na kazi nzito kiasi hicho kutwa nzima. Basi aliyenunua mashine ya farasi 10 alipata kazi kupita ya farasi 10 wa zizini. Kipimo kilizaliwa kikimpendelea mnunuzi.

Mambo yaligeuka magari yalipoanza kushindana katika matangazo. Huko Marekani, hadi 1971, makampuni mengi yalitangaza nguvu za injini iliyopimwa peke yake juu ya kitako chake, imevuliwa chujio la hewa, feni, altaneta na ekzosi ya barabarani. Ni kama kumsifu hamali kwa mbio zake kabla hajatwikwa gunia. Mwaka 1972 makampuni yakaanza kupima injini ikiwa na vyombo vyake vyote. Cadillac Eldorado, iliyotangazwa kuwa na farasi 365 mwaka 1971, ikashuka hadi 235 kwa injini ile ile. Farasi 130 walitoroka bila mlango wa banda kufunguliwa!

Utaambiwa kuwa hapana aliyesema uongo. Injini ile kweli ilitoa 365 pale juu ya kitako. Mimi nakubali. Lakini mnunuzi hakununua kitako, alinunua gari. Ukweli uliochaguliwa ili msikilizaji afahamu vingine una udugu wa karibu na uongo.

Wala tusidhani kuwa 1972 ilimaliza shauri. Mwaka 1999 Ford ilisimamisha uuzaji wa Mustang Cobra iliyotangazwa kuwa na farasi 320, baada ya wenyewe kuyapima magari yao na kukuta pungufu, ikayaita yaliyokwisha kuuzwa ili yatengenezwe. Mwaka 2001 Mazda ilikiri kuwa gari lake dogo la Miata lilikuwa na farasi 142, si 155, ikajitolea kuyanunua tena kwa wasioridhika. Hata Wajapani wenzao, ambao magari yao ya mtumba hushushwa kwa wingi hapa bandarini Mombasa, walikuwa na miujiza yao: kuanzia 1989 hadi 2004 makampuni yao yalipatana kuwa gari lolote lisitangazwe kupita farasi 280. Nissan Skyline GT-R iliandikwa 280 ilhali mafundi wakijua kuwa inazidi. Kupunguza nako ni kuficha.

Na huyo farasi wa Kijapani si yule wa Watt. Yeye hupimwa kwa kilo 75 zinazoinuliwa mita moja kwa sekunde, nazo ni wati 735 na nusu. Tofauti ni ndogo, lakini ni tofauti.

Dawa ilipatikana, na wazee wetu wangeitambua mara moja: ni shahidi. Mwaka 2005 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilileta utaratibu ambao kampuni ikitaka namba yake iitwe iliyothibitishwa, lazima injini ipimwe mbele ya shahidi aliyehitimu. Wakati huo huo kanuni za kupima zikakazwa. Toyota Camry ya silinda sita, iliyokuwa ikisemwa ina farasi 210, ikaandikwa 190, wala injini haikuguswa msumari.

Sisi tuliosomeshwa chuoni hatuhitaji mhandisi kutufunza hilo. Sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wapunjao vipimo. Deni twaandika mbele ya mashahidi, na ndoa twafunga mbele ya mashahidi. Kwa nini mali ya thamani kubwa kama gari iuzwe kwa kinywa cha muuzaji peke yake?

Najua yuko atakayesema: katika msongamano wa daraja la Nyali, farasi 90 na farasi 200 hutembea mwendo mmoja. Kweli. Lakini bei hazitembei pamoja. Namba ile yalipiwa, na kinacholipiwa sharti kipimwe kwa haki.

Basi, ndugu yangu, ukionyeshwa karatasi ya sifa za gari, uliza. Farasi hawa ni wa kipimo gani? Wamepimwa kwenye injini, au kwenye magurudumu, baada ya giaboksi na difu kula sehemu yao? Wanapatikana kwenye mizunguko mingapi kwa dakika, maana farasi wa mizunguko 6,000 hutawaona ukienda sokoni Kongowea. Na mwisho, nani aliyeshuhudia? Asiyeweza kukujibu, mwache na farasi wake. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.