Wanawake wa Sayansi na Madai ya Haki

Pana usemi unaopendwa na baadhi ya wanawake wataalamu wa sayansi: kwamba elimu haitambui mwanamume wala mwanamke, na kwa hiyo mwanamke wa maabara hana haja ya kujishughulisha na utetezi wa haki za wanawake. Sehemu ya kwanza ya usemi huu ni kweli. Ya pili haitokani na ya kwanza hata kidogo.

Hertha Ayrton wa Uingereza, bingwa wa elimu ya umeme, alichukia mno kazi yake kupimwa kwa uanamke wake. Alitaka ipimwe kwa uzuri au ubovu wake tu. Walakini mwanamke huyo huyo aliandamana na waliodai haki ya kupiga kura, akawauguza nyumbani kwake wenzake waliotoka gerezani taabani kwa kugoma kula. Hakuona mgongano baina ya mambo hayo mawili, na kwa hakika haukuwapo. Mwaka 1902 jina lake lilipelekwa mbele ya Royal Society ya London ili awe mwanachama. Wanasheria wakajibu kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kuchaguliwa. Si majaribio yake ya tao la umeme yaliyoonekana na kasoro, bali ndoa yake. Mwaka 1906 jumuiya hiyo hiyo ilimpa nishani ya Hughes, na majaribio hayo yakiwa miongoni mwa sababu zake! Basi ni nani aliyeingiza uanamke katika elimu: yeye, au waliofunga mlango? Mlango ulifunguka mwaka 1945, walipochaguliwa Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson. Ayrton alikwisha kufa tangu 1923.

Hata masomo yake katika chuo cha Girton aliyapata kwa msaada wa Barbara Bodichon, mmoja wa waasisi wa chuo hicho na mtetezi mashuhuri wa wanawake.

Hutajwa pia Rosalyn Yalow wa Marekani, mshindi wa tuzo ya Nobel ya mwaka 1977, aliyekataa zawadi ya jarida moja iliyotengwa kwa wanawake. Alikuwa na haki. Zawadi ya kando yaweza kuwa tusi lililopakwa asali. Lakini wanaomtaja husahau kwamba alipoingia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1941 alijikuta mwanamke peke yake katika kitivo cha watu 400, na kwamba nafasi za namna hiyo zilipatikana kwa kuwa vijana wa kiume walikuwa wakiitwa jeshini. Akili zake zilikuwa zile zile kabla ya vita. Husahau pia kwamba huko Stockholm alinena wazi juu ya wajibu wa waliofaulu kuwarahisishia njia wanaowafuata.

Udhuru wa wakati una uzito wake, maana majaribio hayangoji. Lakini nani amemtaka kila mtaalamu abebe bendera barabarani? Linalotakiwa ni dogo zaidi: asiyabeze madai ambayo anakula matunda yake, wala asiwaambie wasichana kwamba mlango aliopitia ulikuwa wazi siku zote.